Kuni za Matanga Yangu

Ukitoka Khayega ukashika barabara ya Shinyalu, nyumba nyingi za matofali unazoziona huku na huku zimetoka mikononi mwangu. Shule niliiachia darasa la saba, na leo lori langu linashusha matofali mpaka Matungu kwenye miwa, ambako watu wana udongo wao wenyewe na bado wananipigia mimi simu. Sisemi hivi ili nijisifu. Au tuseme najisifu, lakini kwa jambo la kweli, na mtu wa umri wangu aliyefanya kazi ana ruhusa. Vijana wakiniuliza nilianzaje, huwaambia nilianza na udongo na mikono miwili. Jumamosi iliyopita, tulipomzika Mmbone, nilijua kwamba jibu hilo limekuwa fupi mno miaka yote hii.

Mmbone alikuwa fundi wa nguo pale Khayega. Matofali ya kaburi lake niliyaleta mimi, yale ya kuchagua, na nikamsimamia fundi mpaka akayapanga nilivyotaka. Watu walizungumza vizuri. Walitaja kwaya, wakataja sare za shule alizoshona, wakataja mdomo wake ambao haukumwogopa mtu. Kisha binti yake wa mwisho akashika kipaza sauti na kusema mama yao alipoteza mguu kwa ajali akiwa msichana. Haikuwa ajali. Hakuwaambia hata watoto wake. Nilitaka kusimama niseme, lakini mwenye programu alikuwa ameshamwita mhubiri, na mhubiri wetu akishaanza hakatizwi. Basi nayasema hapa.

Mwaka ninaousema ni ule niliorudi kutoka hospitali ya Nairobi. Nilikuwa nakaribia miaka ishirini. Uvimbe ulitoka shingoni, ukaitwa majina mengi kabla ya kuitwa saratani, nikalazwa, nikatundikiwa dawa iliyoninyofoa nywele mpaka nyusi. Mmbone alikuwa wodi ya wanawake ng'ambo ya ukumbi. Yake ilikuwa ya mfupa, wakamkata mguu juu ya goti. Tulijuana kwenye benchi la kusubiri kupimwa damu, aliponisikia nikimjibu mtu salamu ya kwetu, "mulembe", akageuka kutazama ni nani huyo wa kwao. Ya wodini nayaacha hapo. Watu hudhani kazi yote ni kupona. Mimi nakuambia kazi ilianza siku daktari aliposema nenda nyumbani, uwe unarudi tukuangalie. Ukiwa hospitalini una adui, unamjua, unapigana naye. Nyumbani hakuna wa kupigana naye. Kuna watu wanaokupenda tu, wamekuzunguka, wanakutazama unavyotafuna.

Ni lazima kwanza nieleze kosa la baba mdogo. Baba mdogo Lihanda ndiye aliyekuwa mkubwa wa boma, kwa kuwa baba alikuwa ameshafariki. Alisafiri kuja kunitazama, akakuta kitanda changu kiko wazi, godoro limekunjwa, vyuma vinaonekana. Mimi nilikuwa nimehamishiwa chumba cha peke yangu orofa ya juu kwa sababu kinga ya damu ilishuka. Angeuliza angeambiwa. Hakuuliza. Mtu wa kwetu akiona kitanda kitupu haulizi, anavua kofia. Akapanda basi la kurudi, akafika Khayega asubuhi akiwa amebeba kifo changu. Na kwetu matanga bila moto mkubwa uani si matanga. Waombolezaji wataketi wapi, wataota nini. Mkaratusi mkubwa nyuma ya nyumba ukaangushwa na kupasuliwa magogo siku ileile. Isimba yangu pia, kile kibanda ambacho kijana akishatahiriwa hujijengea uani ili asilale tena kwa mama yake, ikaezuliwa na kubomolewa, maana kibanda cha marehemu asiyeoa hakiachwi kimesimama. Habari kwamba niko hai ilifika kwa simu ya duka wakati mama ameshalia mpaka sauti imekauka. Waliacha kulia. Lakini mti haukurudi kwenye shina.

Siku niliyorudi, Kukhu, nyanya yangu mzaa baba, alinipokea barabarani. Hakunisalimia. "Huyu hapiti langoni," aliwaambia walionishika mikono. "Mtu ameshaliliwa, mnampitisha langoni kama amekuja kuuza sufuria?" Akakata ua wa nyuma ya jikoni kwa panga, yeye mwenyewe na uzee wake, nikapita pale nimeinama, miiba ikinikwaruza upara. Upande wa pili, kitu cha kwanza nilichokiona ni rundo la magogo, limepangwa kwa unadhifu, limenifika kifuani.

"Ni ya nini hii?" nikauliza.

Mama akasema, "Ingia ndani, jua ni kali."

Niliwekwa sebuleni, nyuma ya pazia la maua mekundu, kwenye kitanda kilichoelekea mlango wa chumba cha mama. Nikikohoa, anaitika. Sebule ile naiona mpaka leo: vitambaa vya uzi juu ya viti, kalenda ya kanisa, redio iliyofungwa mpira, harufu ya moshi na ya mafuta ya taa. Kila asubuhi, kabla sijafungua macho, mkono wa mama ulikuwa shingoni mwangu, baridi kwa maji, ukitafuta uvimbe. Ukipapasa kulia, ukipapasa kushoto, ukikaa kidogo. Kisha anaondoka bila neno, na mimi nalala nikijiuliza kwa nini leo umekaa zaidi upande wa kushoto.

Na chakula. Wengine walikula obusuma, ugali wetu, na mboga ya mrenda, mimi nikaletewa ingokho, kuku mzima, na firigisi juu yake. Asiyejua kwetu hataelewa. Firigisi ni ya mzee wa boma. Kijana akiigusa anaulizwa anataka kumzika nani. Mimi niliwekewa sahani baada ya sahani na hakuna aliyenung'unika, na ndipo nilipoelewa ninachukuliwaje. Heshima ya namna ile hupewa mzee, au mtu anayeaga. Niliitafuna ikawa kama mpira mdomoni.

Nyuma ya pazia nilisikia mengi. Wanawake wa jirani walipokuja walishusha sauti, lakini sauti ya mwanamke wa Khayega ikishushwa inafika barabarani.

"Anakula?"

"Anakulanga," mama anajibu.

"Na zile nywele, zitarudi?"

"Zimeanza."

"Na mambo ya watoto, je? Si wanasema ile dawa inachomanga kila kitu?"

 Mwingine akasema, "Wacha hiyo. Kwanza amalize mwaka." Leo nina watoto watano na wanne wana sura yangu, wa tano ana sura yangu na ya mama yake, lakini siku ile nilijifunika blanketi usoni kama mtoto.

Kitu nilichokitaka kilikuwa kimoja tu: isimba. Nilitaka kulala kwangu. Wenzangu wa rika walikuwa na zao, wanacheka humo, wanachoma mahindi, na wakipita kwetu wanachungulia pazia, wanasema "pole, ndugu," wanaenda. Nilimwambia baba mdogo kwa njia ya watu aje tujenge upya. Hakuja. Tangu nirudi alikuwa akipita njia ya mtoni ili asipite mbele ya nyumba. Nilimwambia mama. Akasema, "Ukizidiwa huko nje, nitakusikiaje?" 

Mmbone ndiye aliyekuja akavunja kile kimya. Alitoka Khayega sokoni kwa magongo, jasho likimtiririka, akafunua pazia bila hodi.

"Kumbe ni kweli," akasema. "Wamekutundika kama nyama ya kukausha."

Nikamwambia akae. Hakukaa. Alitaka kuona magogo, kwa maana habari zake zilikuwa zimefika mpaka sokoni. Tukatoka nyuma. Akalitazama rundo kutoka mwisho huu hadi mwisho ule, akagonga gogo moja kwa gongo lake.

"Yamekauka vizuri. Wewe una bahati, kuni zako zinakungoja. Mimi mguu wangu ulitangulia kuzikwa bila hata chai."

Nilicheka. Tangu nilazwe nilikuwa sijacheka mpaka tumbo liume. Mama alitoka jikoni mbio akidhani nakohoa.

"Shikamoo, mama," Mmbone akamwambia. "Ninamharibu kidogo tu, nitamrudisha."

Yeye alikuwa na yake. Kulikuwa na kijana wa Shinyalu aliyekuwa amezungumza posa na wazazi wa Mmbone kabla ya ugonjwa. Mmbone aliporudi na mguu mmoja, wazazi wa kijana walikuja na sukari na mkate, wakanywa chai, wakasema watarudi wiki ijayo. "Mkate tulikula," alisema. Hakulisema tena. Nyumbani kwao walimfukuza jikoni, walimfukuza kisimani, kila akishika kitu anapokonywa kwa upole. "Kuna siku nitaiba hata jembe," akasema, "nikalime usiku kama mchawi."

Udongo ulikuwa mtoni chini ya shamba letu, ule mwekundu unaonata, na kalibu ya mbao ya kufyatulia matofali baba aliiacha darini. Sikuwa na mpango wa biashara. Wanaosema matajiri huanza na mpango hawajawahi kuanza. Nilitaka matofali ya isimba yangu, kwa kuwa nguzo na nyasi zinahitaji vijana wa kusaidia na vijana walikuwa wananionea huruma. Nikachukua jembe. Mapigo machache, kifua kinawaka, nakaa. Napumzika, nasimama tena. Mama alinifuata. Hakunizuia, nadhani aliona uso wangu, lakini alileta mwavuli, maana daktari alisema jua si zuri kwangu. Basi kijiji kizima kiliona: mimi nachimba, mama amesimama juu yangu na mwavuli wa kanisani. Vijana waliokuwa wakipeleka fahali kunywa maji walisimama kutazama.

"Maiti inachimba," mmoja akasema.

"Inajichimbia yenyewe. Itaokoa watu kazi."

Mmbone, aliyekuwa ameketi kando ya maji, akawajibu, "Na nyinyi mnaswaga fahali aliyeshindwa na ndama wa Khayega. Piteni." Fahali yule kweli alikuwa amekimbia pigano la mafahali uwanjani mbele ya watu wote. Wakapita.

Tuligawana kazi hivi: mimi nachimba na kukanyaga, yeye ameketi juu ya gunia anajaza kalibu, anasawazisha kwa kiganja, anapindua. Mikono yake ilikuwa imekomaa kwa magongo, alinipita mbali. "Mimi mguu mmoja, wewe pumzi nusu," alisema. "Tukiunganishwa tunatoa mtu mmoja na kibarua wake." Mchana mama alileta uji wa wimbi na ndizi za kuchemsha. Tulikula na matope mikononi. Nimekula katika hoteli kubwa za Kisumu, nimekaa meza moja na waheshimiwa, na sijakula tena ndizi zenye utamu ule.

Siku moja kabla ya safari ya kwenda kupimwa nilishikwa na woga. Nilikaa kwenye nyasi tulizofunikia matofali nisiweze kunyanyua kitu. Mmbone akauliza nini. Nikamwambia: asubuhi mkono wa mama umekaa sana upande wa kushoto.

"Wewe mwenyewe umepapasa?"

"Hapana."

"Papasa."

Nikapapasa. Hapakuwa na kitu, shingo tu.

"Mimi hujipapasanga kila siku, mpaka penye mguu ambao haupo," akasema. "Huo woga hautaisha, Bonifasi. Lakini uwe wako. Usimwachie mama yako aubebe kila asubuhi kama ndoo." Tulikwenda, tukapimwa, tukaambiwa tuko sawa kwa sasa, turudi tena baadaye. Tulirudi na sukari-guru njiani tukila kama watoto. Asubuhi iliyofuata niliushika mkono wa mama kabla haujafika shingoni, nikamwambia, "Nimeshaangalia." Akauondoa polepole. 

Matofali yakakauka. Kuni za kuchomea hatukuwa nazo, ila yale magogo. Hakuna aliyeyagusa mwaka wote. Kuni zilizokatwa kwa ajili ya maombolezo haziivishi chakula cha watu walio hai, na kuuza ni kumpelekea mwenzako msiba. Nilimwendea Kukhu jikoni kwake, nikakaa kwenye kigoda, nikamwambia ninalolitaka. Alikuwa anachambua maharagwe. 

"Tofali linaliwa?" akauliza.

"Haliliwi, Kukhu."

"Basi si kupika. Lakini aliyeukata mti ule ndiye ataubeba. Wewe usiguse. Mtu habebi kuni za matanga yake."

Aliyeukata alikuwa baba mdogo. Nilimfuata kwake, nikamkuta ananoa panga kwenye kivuli chembamba cha ukuta. Aliponiona alisimama, akaketi, akasimama tena. Alikuwa mtu mkubwa mwenye kifua, na alionekana kama anayesubiri kupigwa.

"Nilikuta godoro limekunjwa," akasema kabla sijamwamkia. "Nilisimama pale. Nesi alipita, nikashindwa kufungua mdomo. Nilifikiri, nikiuliza watanijibu."

Nilikuwa nimekwenda na maneno makali, nimeyapanga njia nzima. Yakaniishia. Ningekuwa mimi, ningeuliza? "Baba," nikamwambia, "kuna magogo ya kubebwa. Kukhu amesema ni wewe."

Alikuja kesho yake jua likichomoza, peke yake. Akayabeba moja moja begani mpaka mtoni, gogo kwa gogo, na hakukubali kusaidiwa. Kisha akabaki, akatuonyesha namna ya kupanga tanuri, namna ya kuacha midomo ya moto chini, akalikandika lote kwa matope, akawasha moto yeye mwenyewe. Mkaratusi ule uliwaka kwa sauti. Moshi ulipanda mweupe, ukageuka wa buluu, ukapita juu ya nyumba zetu. Watu walitoka kutazama matanga yangu yakiungua. Kukhu aliketi kwenye kiti chake mbali kidogo, akaangalia mpaka moshi ukawa mwembamba, akasema, "Sasa mniletee chai."

Matofali yalitoka mekundu, ukiyagonga yanalia kama kengele. Nilidhani yatakayobaki nitauza. Nani anunue? Waliyaita matofali ya maiti. Mwalimu mmoja aliyekuwa anajenga aliyasifu, akayapima kwa mkono, kisha akasema mke wake ameota vibaya. Basi nikayatumia yote. Nikajenga isimba ya matofali, ya kwanza pande zile, wakati wenzangu wote wako kwenye tope na fito. Baba mdogo aliezeka. Mmbone alishona pazia la dirisha, na huo ndio ushonaji wake wa kwanza. Mwaka uliofuata alipata cherehani, akajifunza kukanyaga kwa mguu mmoja, akaolewa na mwanamume aliyekuja kushonewa suruali. Mvua za masika ziliangusha kuta nyingi Khayega mwaka ule. Isimba yangu haikumeguka hata pembe. Mwalimu alirudi, mke wake ameacha kuota, na wengine nyuma yake. Hiyo ndiyo biashara yangu ilivyoanza, na kama kuna anayesema nilirithi, mpelekeni kwangu.

Lakini ninayoikumbuka zaidi ni asubuhi ya kwanza mle ndani. Niliamka nikaona ukuta wangu, mwekundu kwa jua. Nikasikia miguu ya mama inakuja uani, naijua, ikafika mlangoni, ikasimama. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Kwetu mama haingii isimba ya mwanawe, hata awe amebeba moto mkononi. Kwa kijana anayekwenda kufa unaweza kuingia popote. Nilikaa kitako kitandani, nikangoja kuona atafanya nini. Kivuli chake kilifika kizingitini, kikakaa. Kisha kikarudi nyuma.

"Wewe Bonifasi," alisema kutoka nje. "Ng'ombe hajapata maji, jua liko juu, na wewe umelala humo kama diwani."

"Naamka, mama."

"Na huu mlango umeuweka upande wa mvua. Mwaka ujao utaugeuza."

Mwaka ujao. Alilisema vivi hivi, kama mtu anayesema chumvi imeisha. Nilimsikia akisubiri, akaguna, akaenda zake jikoni. Wakati huo nilikuwa nimeshavaa. Nikajilaza tena na viatu, nikavuta blanketi, ili aje aniite mara ya pili. Akaja, na safari hii alikuwa na hasira.